Maswali ya Wasomaji: Soli Nene, Soli Nyembamba na Miamba ya Mwanza

Tangu tulipoanza kuandika kuhusu mbio za njia za milimani, barua nyingi zinazotufikia kutoka kanda ya ziwa zinauliza juu ya viatu. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba jambo ambalo wengine wote wanalizungukia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, mkazi wa Isamilo, nina umri wa miaka 34. Nakimbia mara nne kwa wiki kwa njia za miguu zinazopita katikati ya mawe, napanda hadi juu ya kilima kisha nashuka kuelekea ziwani. Mwaka jana nilitumia raba nyepesi za barabarani zenye soli nyembamba. Zilinipa mwendo mzuri, lakini nyayo ziliuma kiasi kwamba siku nyingine nilikwenda kazini nikichechemea. Nikaenda soko la Mlango Mmoja nikapata za mtumba zenye soli nene sana, laini kama godoro. Nyayo zimepona, ila tangu hapo nimeteguka kifundo cha mguu wa kushoto mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nashuka. Mke wangu ananishauri nirudie zile za zamani. Rafiki yangu ninayekimbia naye anasema ninunue nene zaidi na ngumu zaidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kifundo. Mkeo ameona kilichokutegua, na rafiki yako anakumbuka kilichokuwa kikikuumiza nyayo. Hata hivyo, ushauri wa wote wawili unahusu unene wa soli, na mimi naamini unene ndio kipimo kinachowapotosha wakimbiaji wengi wa mji huu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Vilima vya Mwanza ni miamba ya graniti iliyochongwa na mvua na jua kwa muda mrefu mno. Mwamba wenyewe ukiwa mkavu unashika soli vizuri kuliko lami. Tatizo lipo katika vitu viwili vinavyouzunguka. Kwanza ni vipande vya mawe vyenye ncha, vilivyokaa katikati ya njia vikiwa vimezikwa nusu. Pili ni changarawe, yaani zile punje kubwa za graniti iliyomomonyoka ambazo hulala juu ya mwamba mtupu na kuviringika chini ya mguu. Katika njia zinazopita kati ya nyumba ongeza ngazi za mawe zisizolingana, vipande vya bati na chupa zilizovunjika. Kwa hiyo mguu wako una adui wa aina tatu: jiwe linalochoma wayo kutoka chini, jiwe linalogonga vidole kutoka mbele, na uso usio sawa unaopindua kifundo kwa upande. Sponji nene, yaani ile tabaka laini ya soli, inakusaidia dhidi ya huyo wa kwanza peke yake. Kwa vidole haifanyi lolote, na kwa kifundo inaongeza hatari.

Sababu yake unaweza kuijaribu nyumbani. Laza tofali chini, simama juu yake kwa mguu mmoja, kisha lisimamishe kwa wima ujaribu tena. Eneo unalolikanyaga limepungua na kimo kimeongezeka, kwa hiyo mtikisiko mdogo sana unatosha kukuangusha. Kiatu chenye milimita 38 za soli chini ya kisigino kinakuweka karibu na hali hiyo ya pili, hasa kama soli yenyewe ni nyembamba kwa upana. Ukingo wa nje ukikanyaga jiwe, ule umbali kati ya ardhi na kifundo ndio mkono wa wenzo unaokipindua, na kila milimita unayoiongeza inaurefusha. Isitoshe, sponji laini hubonyea zaidi upande unaoelemewa, kwa hiyo mguu ulioanza kuinama unazidi kuinamishwa na kiatu chenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ngozi ya wayo na misuli ya mguu zina neva zinazopeleka habari kwenye ubongo kuhusu mwinuko wa ardhi, na habari hiyo ndiyo inayoamsha misuli ya pembeni ya mguu ikikaze kifundo kabla hakijapita kiwango. Soli nene inaifunika habari hiyo. Wepesi wa mkimbiaji wa milimani, ule unaomwezesha kubadili hatua angali hewani na kuchagua jiwe jingine, unaanzia hapo. Ndiyo maana uliteguka ukishuka wala si ukipanda: kwenye mteremko muda wa kusahihisha kosa ni mfupi na uzito unaotua ni mkubwa.

Je, urudie raba za zamani? Hapana. Nyayo zilizokuwa zikikuchechemesha si jambo la kuvumilia. Mifupa mirefu ya sehemu ya mbele ya wayo ni myembamba, na mkimbiaji anayeshuka akihofia kuchomwa hukaza mguu mzima na kutua vibaya. Mtu anayeogopa ardhi hawezi kuwa mwepesi juu yake. Niliwahi kushuka njia ya nyuma ya kilima cha Bugando nikiwa na viatu vyembamba mno, nikakanyaga ncha ya jiwe katikati ya wayo, na kwa wiki tatu zilizofuata nilipiga hatua kama mzee mwenye baridi yabisi. Sikupoteza ngozi wala damu, ila nilipoteza ujasiri wa kushuka, na huo ulichelewa kurudi kuliko wayo wenyewe.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kiatu chenye kinga pale tu jiwe linapogusa. Tafuta kiatu chenye bamba. Ni kipande chembamba cha plastiki ngumu, unene wake kama milimita moja, kilichofichwa kati ya mpira wa chini na sponji, kwa kawaida chini ya sehemu ya mbele ya wayo. Bamba halizuii jiwe kwa kuwa nene bali kwa kutawanya nguvu yake. Ncha iliyotaka kuchoma sehemu moja inasukuma bamba zima, na wayo wako unahisi msukumo mpana usioumiza. Kwa njia hiyo kiatu kinaweza kuwa karibu na ardhi na bado kikakukinga. Lakini bamba nalo lina gharama. Likiwa gumu mno, kiatu hakijikunji juu ya jiwe bali kinabembea juu yake kama mtumbwi juu ya gogo, na hapo tumerudi kwenye kuteguka. Watengenezaji wazuri hulikatakata katika vipande kama vidole ili mguu upinde huku na huku. Kwa hiyo shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje mbele na ukizungushe kidogo kama unayekamua nguo. Kisipojipinda hata kidogo, kirudishe mezani.

Kwa vidole, hakikisha mbele pana ukuta wa mpira uliopanda juu ya ncha ya kiatu. Hauongezi uzito wa kukusumbua, na atakayejikwaa mara moja kwenye ngazi za Mabatini bila kuwa nao hatahitaji kuelezwa tena.

Ukinitaka vipimo, kwa njia ulizozieleza ningetafuta soli ya milimita 24 hadi 28 kisigino na 18 hadi 22 mbele, tofauti kati ya kisigino na mbele isiyozidi milimita sita, na meno ya soli ya milimita tatu au nne. Soli iwe pana kuliko wayo wako kila upande, hasa kisigino. Vipimo hivi havijaandikwa kwenye kila kiatu, na cha mtumba hakina boksi, lakini rula ya mtoto wa shule inatosha kukadiria ukiiweka ubavuni.

Kuhusu uzito, wengi wanausumbukia kupita kiasi au hawaujali kabisa. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza takriban asilimia moja ya nguvu anayotumia mkimbiaji. Viatu vya milimani huanzia kama gramu 200 na kuendelea hadi 350 au zaidi kwa kimoja. Tofauti ya gramu 30 kati ya viatu viwili isikunyime bamba au kinga ya vidole. Tofauti ya gramu 150 utaihisi kwenye kila mpando. Mizani ya dukani inayopimia mchele inapima kiatu vilevile, na sijawahi kuona mwenye duka akikataa.

Unapokwenda tena Mlango Mmoja, nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama inavyovimba ukikimbia, na vaa soksi unazokimbilia. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana ukishuka mguu unasogea mbele, na kucha zinazogonga kiatu hugeuka nyeusi. Tafuta kokoto yenye ukubwa wa limau, iweke chini, ikanyage kwa sehemu ya mbele ya wayo na uegemeze uzito wote. Unapaswa kujua jiwe liko wapi bila kuumia. Usipolihisi kabisa, soli imezidi, na ukikunja uso, haijatosha. Sponji ya viatu vya mtumba nayo ikague kwa macho: ikiwa na mikunjo mingi ubavuni, au ukiibonyeza kwa kidole gumba hairudi haraka, imeshachoka. Sponji ya kawaida huanza kuchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na huwezi kujua mwenye kiatu kabla yako alikimbia ngapi. Mara nyingi upande mmoja huchoka kuliko mwingine, na kiatu kilichoinama kitakuinamisha nawe. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma.

Kabla ya hayo yote, kifundo kipone. Siku ukishindwa kupiga hatua nne baada ya kuteguka, usisubiri, nenda ukapigwe eksirei. Maumivu yakishakwisha, simama kwa mguu mmoja kila siku, kwanza ukiwa na macho wazi, baadaye ukiwa umeyafumba, dakika chache tu wakati wa kupiga mswaki. Kifundo kilichokwisha kuteguka huteguka tena kwa urahisi, na mazoezi ya kusawazisha mwili yanapunguza hatari hiyo. Ukishuka, fupisha hatua na uziongeze idadi, ili mguu utue chini ya mwili na usitangulie mbele yake.

SWALI: Habari ya kazi, Mwalimu. Naishi Luchelele na ninakimbia asubuhi kando ya ziwa, sehemu kwenye mawe ya ufukweni na sehemu kwenye mashamba. Nilinunua viatu vipya vya njia za porini vyenye meno marefu ya milimita saba, nikiamini kwamba sitateleza tena wakati wa masika. Kwenye matope ni vizuri kweli. Kwenye mawe yaliyolowa nateleza kuliko zamani. Nimeuziwa viatu vibovu?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Hujauziwa viatu vibovu, umeuziwa viatu vya matope. Meno marefu hufanya kazi kwa kuzama, na udongo ukikubali kuzamiwa, yanashika. Mwamba haukubali. Juu yake unasimama kwenye ncha chache za mpira badala ya soli nzima, ncha hizo zinapinda, na sehemu inayogusa jiwe inakuwa ndogo. Kwenye mwamba kinachoshika ni ulaini wa mpira pamoja na ukubwa wa eneo linalogusa. Mpira laini unaingia katika vinyweleo vya jiwe, na mpira mgumu, ambao hudumu zaidi, unapita juu yake. Ukucha unaweza kukusaidia kutofautisha: ukiubonyeza kwenye jino la soli na usiache alama yoyote hata kidogo, mpira huo ni wa barabara ya vumbi, haufai kwa mawe ya ziwani.

Jambo hili liliwahi kugharimu maisha. Mwaka 1935 mpanda milima Mwitaliano, Vitale Bramani, alipoteza wenzake sita katika milima ya Alps, na viatu visivyofaa vilikuwa sehemu ya maafa hayo. Akatafuta soli ya mpira itakayoshika mwamba, theluji na udongo, na mwaka 1937 akaitoa soli yenye meno ambayo umbo lake bado linaonekana chini ya viatu vingi vya milimani. Jina la Vibram, kampuni ya soli za viatu, limetokana na jina lake.

Kwa mchanganyiko wako ningeshuka hadi meno ya milimita nne, yaliyoachana ili matope yadondoke. Nafasi kati ya meno ina maana zaidi kuliko urefu wake. Wasukuma wanatofautisha udongo wa kichanga wa miinuko, yaani luseni, na udongo mweusi wa mabondeni, yaani mbuga, na mkimbiaji angefanya vizuri kujifunza kwao. Luseni hata ikilowa inapitisha maji na kukuachia njia. Mbuga ikilowa inanata, inajaza soli, na baada ya dakika tano unakimbia na kilo ya udongo kwenye kila mguu, hata ungekuwa na meno ya aina gani. Njia yako ikipita kwenye mbuga wakati wa mvua kubwa, badili njia, maana kiatu cha kukuokoa hapo hakijatengenezwa.

Na ufukweni, lile jiwe la rangi ya kijani au jeusi linalong'aa pale maji yanapolipiga, usilikanyage kwa kasi ukiwa na kiatu chochote. Mwani unakaa kati ya mpira na mwamba, na mpira laini hauwezi kushika kitu usichokigusa. Naongeza jambo moja kuhusu kinga, kwa kuwa umesema unakimbia kando ya maji: kiatu hakikukingi na kichocho. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, na maji yakishaingia kiatuni ngozi yako imo ndani ya maji yaleyale. Kwenye maji tulivu yenye magugu pitia juu, hata kama njia ni ndefu zaidi, na viatu vyenye tope vifue kwa maji ya bomba nyumbani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natoka Nansio, Ukerewe, nina miaka 19. Nimekua nikikimbia pekupeku au kwa katambuga, na sijawahi kuumia. Sasa nataka kushiriki mbio za vilima huko Mwanza mjini, na kila mtu ananiambia nitaaibika nisiponunua viatu. Hela ninayo kidogo. Je, ni lazima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aibu hakuna. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome bila viatu. Mwaka 1964 alishinda tena, mjini Tokyo, akiwa amevaa viatu, na hakuna aliyemdai maelezo mara zote mbili. Kuhusu katambuga, mwaka 1993 huko Leadville, Colorado, katika mbio za maili 100 kwenye milima mirefu, Victoriano Churro, mkimbiaji wa kabila la Tarahumara kutoka Mexico aliyekuwa na miaka 55, alimaliza wa kwanza akiwa na ndara zilizokatwa kwenye tairi. Ukiitazama katambuga kwa jicho la fundi, ina kinga ambayo watu wanailipia fedha nyingi: mpira mgumu usiopenywa na mwiba, ulio chini kabisa, na usio na sponji ya kukudanganya.

Kinachopungua ni mshiko wa mguu. Ukishuka kwa kasi, wayo unateleza juu ya tairi, hasa ukiwa na jasho, na vidole viko wazi. Njia za mjini zina misumari na chupa ambazo huenda hujazizoea kisiwani, na msumari wenye kutu unaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo hakikisha umechanjwa. Pekupeku mjini sikushauri. Katambuga inawezekana ukiongeza ukanda unaozunguka kisigino na kufungwa vizuri juu ya mguu, na ukikubali kushuka polepole kuliko wenzako.

Ukiamua kununua, usiende moja kwa moja kwenye viatu vinene. Miguu yako imezoea kusoma ardhi, na hiyo ni mali. Chukua kiatu chepesi, cha chini, chenye bamba jembamba na kinga ya vidole, na ukianze walau wiki sita kabla ya mbio, mara moja kwa wiki mwanzoni, ili malengelenge yatokee mazoezini na yasikungoje siku yenyewe.

SWALI: Naomba kuuliza kwa kifupi. Je, viatu visivyoingiza maji vinafaa kwa hali ya hewa ya Mwanza? Na soli ikibanduka, fundi wa mtaani anaweza kuishona? – Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Kwa kukimbia, havifai. Maji yakiingilia juu, kwenye kifundo, yanabaki ndani kwa sababu kilichoyazuia kuingia kinayazuia kutoka, na siku ya jua jasho linafanya kazi ileile. Kitambaa chenye matundu kinalowa upesi na kukauka upesi, na miguu iliyokauka haichubuki.

Fundi anaweza kushona, na wengi wa mafundi wetu wana mkono mzuri. Mweleze tu kwamba ni kiatu cha kukimbilia. Uzi ukipita soli nzima mzunguko wote, kiatu kinakakamaa na kinapoteza ule mpindo tuliousema, na mpira unapata matundu ya kuchanikia. Mwombe asafishe gundi ya zamani, abandike upya na kukibana usiku kucha, kisha ashone ncha ya mbele na kisigino tu, mahali ambapo kiatu hakijikunji.